Njia tano za kusoma mtandaoni: ipi inafaa somo lipi, na kwa mtandao upi

Wengi wanaotaka kusoma mtandaoni huanza kwa kuulizana jukwaa lipi ni zuri. Swali hilo halina jibu moja, kwa sababu jukwaa linalomfaa mtu wa uhasibu huweza kumpotezea muda mtu wa Kifaransa. Lipo swali linalochuja haraka zaidi: nikikosea, nani ataniambia, na nitasubiri muda gani? Hicho ndicho kipimo cha kwanza katika ulinganisho huu. Cha pili ni mtandao, yaani kasi unayoipata kweli na data unayoweza kuimudu kwa mwezi. Ubora wa picha, umaarufu wa chuo na urembo wa cheti vinakuja baada ya hayo mawili.

Tulikotoka

Mwaka 1840 Isaac Pitman alianza kufundisha hati mkato kwa posta huko Uingereza. Mwanafunzi aliandika zoezi kwenye kadi, akalituma, Pitman akalisahihisha na kulirudisha. Masahihisho yalikuwa ya mtu kwa mtu, ila yalitembea kwa mwendo wa posta. Redio na televisheni zilipokuja zilifika kwa maelfu kwa mpigo, lakini mwanafunzi hakuwa na namna ya kuuliza. Ndiyo maana Open University ya Uingereza, ilipoanza kufundisha mwaka 1971, haikuviachia vipindi vya BBC kazi yote. Iliandaa vitabu vya kozi, mazoezi ya kutuma na wakufunzi wa kuyasahihisha.

Wakati huo kompyuta ilikuwa tayari imeonyesha kwamba masahihisho yanaweza kuja papo hapo. Mfumo wa PLATO, ulioanzishwa na Donald Bitzer katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1960, ulimwonyesha mwanafunzi kama amepata au amekosa mara tu alipobonyeza jibu. Tatizo lilikuwa gharama, kwa kuwa vituo vyote vilitegemea kompyuta moja kubwa.

Wavuti ndiyo iliyoshusha gharama hiyo. Mwaka 2001 chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza kwamba kitaweka vifaa vya kozi zake mtandaoni bila malipo, na mwaka 2002 Martin Dougiamas akatoa toleo la kwanza kamili la Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo ambao chuo chochote kingeweza kuusimika bila kununua leseni. Mwaka 2011 Sebastian Thrun na Peter Norvig wa Stanford walifungua kozi yao ya akili mnemba kwa yeyote, wakajiandikisha watu wapatao 160,000. Mwaka uliofuata yakaja majukwaa ya kozi za mtandaoni ya Udacity, Coursera na edX. Kisha 2020 janga la UVIKO-19 likafunga shule, na kwa hesabu ya UNESCO wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 waliathirika. Darasa la video, ambalo lilikuwa jambo la wachache, likawa la kila mtu ndani ya wiki chache.

Angalia kilichopatikana na kilichopotea. Pitman alisoma kila kadi, ila hakuweza kufundisha watu laki moja. Kozi ya watu laki moja inawafikia wote, ila hakuna anayesoma kazi ya kila mmoja. Mvutano huo haujaisha, na ndiyo sababu njia tano bado zinaishi pamoja: darasa mubashara, kozi iliyorekodiwa, mfumo wa usimamizi wa masomo, kikundi cha ujumbe (pamoja na masomo yasiyo na intaneti) na msaidizi wa akili mnemba.

Data kwanza, maana ndiyo inayokata kozi nyingi katikati

Hesabu ni rahisi. Chukua kasi kwa kilobiti kwa sekunde, zidisha kwa 0.45, unapata megabaiti kwa saa. Kwa hiyo:

| Unachotumia | Kasi ya kawaida | Data kwa saa |
|---|---|---|
| Faili ya sauti ya mazungumzo | kilobiti 32 | MB 14 hivi |
| Darasa mubashara, sauti tu | kilobiti 64 | MB 29 hivi |
| Video ya picha ndogo, 360p | kilobiti 500 | MB 225 |
| Darasa mubashara lenye picha | megabiti 1 | MB 450 |
| Video ya picha kali, 720p | megabiti 2 | MB 900 |

Kwenye darasa mubashara kumbuka kujumlisha na unachotuma. Ukipokea kwa megabiti 1 huku kamera yako ikituma kilobiti 600, saa moja inakula MB 720. Vipindi vitatu vya saa moja kwa wiki ni zaidi ya GB 8 kwa mwezi, kabla hujafungua kitu kingine chochote. Zima kamera yako tu na takriban GB 3 zinabaki mfukoni.

Darasa mubashara

Faida yake kubwa ni kwamba kosa linakamatwa likiwa bado mdomoni. Kwa lugha, kwa hisabati iliyokushinda na kwa usaili wa kazi, hakuna kinacholifikia. Faida ya pili haisemwi sana: ratiba. Mtu asiyeweza kujilazimisha kusoma peke yake hujitokeza akijua wenzake wanamsubiri.

Udhaifu wake upo kwenye muda wa sauti kusafiri. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linapendekeza ucheleweshaji usizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja. Ukivuka hapo sana, watu huanza kuongea kwa pamoja, kila mmoja ananyamaza kumpisha mwenzake, kisha wanaanza tena pamoja. Anayetumia intaneti ya setilaiti zilizo umbali wa kilomita 36,000 hivi hawezi kuepuka hali hiyo kwa kununua kifurushi kikubwa, kwa sababu mawimbi yenyewe yanahitaji kama milisekunde 240 kupanda na kushuka. Mtu kama huyo achague kozi iliyorekodiwa, au darasa ambalo maswali huulizwa kwa maandishi.

Mambo mengine yanatibika. Sauti ikikatika wakati kipimo cha kasi kinaonyesha namba nzuri, tazama kasi ya kupakia, si ya kupakua. Mara nyingi kuna simu humo ndani inayopeleka picha zake kwenye hifadhi ya mtandaoni, au kompyuta inapakua masasisho. Zisimamishe kabla ya kipindi. Ukisikia mwangwi wa sauti yako mwenyewe, kosa liko kwa mtu mwingine: spika yake inarudisha sauti kwenye kipaza sauti chake, na dawa ni yeye avae vipokea sauti vya masikioni. Wi-Fi ikisumbua, waya kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta huondoa sehemu kubwa ya kukatika-katika. Na kama ni lazima kuchagua kati ya kununua kamera na kununua kipaza sauti kizuri, nunua kipaza sauti. Darasa huvumilia picha iliyoganda; sauti inayokwaruza huwachosha watu baada ya dakika kumi.

Idadi ya wanafunzi ni kipimo kingine. Darasa la watu 40 ambamo mwalimu anaongea saa nzima ni video iliyorekodiwa inayokudai ufike kwa wakati. Kabla ya kulipa, uliza wako wangapi na kama wanagawanywa katika vikundi vidogo. Kwa mazungumzo ya lugha, kikundi kikizidi watu watano au sita, zamu yako inakuwa dakika chache mno kwa kipindi.

Kozi iliyorekodiwa

Hii ndiyo inayouzwa zaidi na ndiyo inayoachwa zaidi. Uchambuzi wa kozi za MIT na Harvard kwenye edX, uliochapishwa mwaka 2019, ulikuta kwamba mwaka wa masomo wa 2017 hadi 2018 ni asilimia 3.13 tu ya waliojiandikisha ndio waliomaliza. Miongoni mwa waliolipia cheti ilikuwa asilimia 46. Tusiisome takwimu hii vibaya, kwani wengi hujiandikisha kuchungulia tu, na hilo halina ubaya. Lakini inatosha kumwonya anayenunua kozi kumi kwa bei ya punguzo akidhani amejinunulia elimu.

Inapofaa, inafaa kwelikweli. Unaweza kurudia sehemu ngumu mara kumi bila kumkera mtu. Unaweza kupunguza kasi ya video, kuwasha maandishi ya chini, kupakua usiku mtandao ukiwa mwepesi na kutazama kesho bila intaneti. Kwa masomo ambayo kompyuta inaweza kusahihisha yenyewe, kama uandishi wa programu, takwimu au kanuni za uhasibu, mrejesho ni wa papo hapo na hauchoki. Mipaka ipo hata hapo: msahihishaji wa kompyuta anajua kama programu yako imetoa jibu sahihi, ila hatakuambia kwamba umeiandika kwa namna ambayo wewe mwenyewe hutaielewa baada ya miezi sita.

Urefu wa video si jambo dogo. Mwaka 2014 Philip Guo na wenzake walichambua vipindi milioni 6.9 vya watu kutazama video za edX, wakakuta kwamba muda wa kati wa kutazama haukuvuka dakika 6, hata video yenyewe iwe ndefu kiasi gani. Kozi iliyochukua mhadhara wa dakika 50 na kuubandika mtandaoni mzimamzima imekuachia wewe kazi ya kuukata.

Kosa kubwa la mwanafunzi hapa ni kutazama na kuhisi ameelewa. Maelezo ya mwalimu mzuri yanateleza vizuri mno, hadi mtu hajui kwamba peke yake asingeweza kuyarudia. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilionyesha hili mwaka 2006 kwa wanafunzi waliosoma kifungu cha maandishi. Waliokisoma upya walikumbuka zaidi walipoulizwa baada ya dakika 5. Baada ya wiki moja hali ikageuka: waliofunga kitabu na kujaribu kukumbuka walikuwa na asilimia 56, waliosoma upya asilimia 42. Kwa video, fanya hivi:

1. Simamisha kila dakika sita au sehemu inapoisha, chochote kitakachotangulia.
2. Funga dirisha la video. Andika kwa kumbukumbu mambo matatu uliyoyasikia, na swali moja.
3. Fungua tena na usahihishe ulichoandika kwa kalamu ya rangi nyingine.
4. Kesho yake, kabla ya somo jipya, jiulize yale matatu bila kuangalia karatasi.

Somo la dakika 30 litakuchukua saa nzima. Panga ratiba yako kwa saa hiyo, usipange kwa urefu wa video unaotangazwa.

Mfumo wa usimamizi wa masomo

Huu ni mfumo ambamo mwalimu huweka masomo, kazi na alama za darasa zima. Hapa anayechagua mara nyingi ni mwalimu au shule, na ushindani huwa kati ya Google Classroom na Moodle.

Google Classroom, iliyofunguliwa mwaka 2014, haihitaji seva wala fundi. Mwalimu anaweza kutengeneza darasa, kuweka kazi na kuanza kusahihisha siku hiyohiyo. Kila mwanafunzi lazima awe na akaunti, na maswali ya kujipima hutegemea fomu za Google, ambazo zina aina chache za maswali. Kwa shule yenye walimu kumi na isiyo na mtu wa kompyuta, hii ndiyo chaguo langu bila kusita.

Moodle inataka mtu wa kuitunza, na inamlipa kwa kazi hiyo. Ina benki ya maswali, namba zinazobadilika kwa kila mwanafunzi katika swali la hesabu, na programu ya simu inayopakua masomo ya kusoma bila intaneti. Hata jaribio linaweza kufanywa nje ya mtandao kama mwalimu ameruhusu. Kanuni ya zamani ya mafundi wake ni GB 1 ya kumbukumbu ya seva (RAM) kwa kila watumiaji 10 hadi 20 wanaofanya kazi kwa wakati mmoja. Wanafunzi 60 wakifungua mtihani saa tatu kamili, unahitaji GB 3 hadi 6 kwa hao tu. Seva ikiwa ndogo, usiwafungulie wote pamoja. Wagawe makundi matatu na uwape nafasi ya dakika kumi kati ya kundi na kundi.

Makosa mawili hujirudia kila mahali Moodle inaposimikwa na mtu mpya. La kwanza, faili kubwa zinakataa kupanda, kwa sababu PHP, lugha ya programu inayoiendesha Moodle, huja ikiwa imewekewa kikomo cha MB 2 kwa faili. Rekebisha `upload_max_filesize` pamoja na `post_max_size`, kwani kurekebisha moja peke yake hakusaidii. La pili, barua pepe za taarifa haziendi na matokeo hayasasishwi, kwa sababu kazi ya nyuma iitwayo cron haijapangwa. Ipange ijiendeshe kila dakika moja.

Ukichagua mfumo wowote, uliza utatokaje. Masomo yaliyofungashwa kwa kiwango cha SCORM, kinachosomwa na mifumo mingi, yanaweza kuhamia kwenye mfumo mwingine. Yaliyojengwa kwa vifaa vya jukwaa moja tu yatabaki humo siku bei ikipanda.

Kikundi cha ujumbe, na masomo yasiyo na intaneti

Kozi kwenye WhatsApp au Telegram hudharauliwa bila sababu. Mtandao hafifu unaiweza, mwanafunzi hajifunzi programu mpya, na swali la saa nne usiku hujibiwa na mwenzake. Kinachoiua ni fujo. Somo la Jumatatu linazikwa na salamu za Jumanne. Tumia makundi mawili: la masomo, ambamo wasimamizi pekee wanaandika, na la maswali. Kila faili ipewe namba inayopangika, kwa mfano *Somo 07 sehemu 2*, na ukianza na 07 badala ya 7 faili zitajipanga kwa mfuatano hata zikifika somo la 12. Rekodi za sauti zisizidi dakika tano. Aliyekosa neno moja asilazimike kutafuta ndani ya dakika ishirini.

Pasipo intaneti kabisa, mfumo kama Kolibri wa shirika la Learning Equality huweka maktaba ya video na mazoezi kwenye kompyuta moja, na wanafunzi wakaifikia kwa Wi-Fi ya ndani. Hata kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inatosha kwa darasa. Mwalimu anaona nani amefanya zoezi gani. Adui wake ni umeme: ukikatika ghafla wakati kadi ya kumbukumbu inaandikwa, data inaweza kuharibika. Izime kwa utaratibu, iwekee betri ya akiba, na weka nakala ya kadi nzima kwenye kadi ya pili.

Msaidizi wa akili mnemba

Mwaka 1984 Benjamin Bloom aliandika kwamba wanafunzi waliofundishwa na mwalimu binafsi walifanya vizuri kuliko darasa la kawaida kwa tofauti kubwa, akauliza namna ya kupata faida hiyo kwa gharama ya darasa. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022 wengi wanaona jibu limepatikana. Limekaribia upande mmoja tu: muda wa kusubiri umeisha. Usahihi haujahakikishwa, kwa sababu programu hizi huandika jibu baya kwa ufasaha uleule wa jibu zuri, na mwanafunzi anayeanza ndiye asiyeweza kuona tofauti.

Itumie kukuuliza, si kukujibu. Ipe somo ulilolisoma, iambie ikuulize maswali matano moja baada ya jingine, isitoe jibu kabla hujajaribu, na ikueleze ulipokosea. Hesabu zake zipige upya kwenye kikokotoo, na jina la kitabu lolote inalokutajia lithibitishe kwenye maktaba.

Kwa somo lako

Lugha: darasa mubashara la watu wachache, nusu saa mara tatu kwa wiki kuliko saa moja na nusu mara moja, na rekodi za kusikiliza katikati. Uandishi wa programu: kozi iliyorekodiwa yenye mazoezi yanayojisahihisha, pamoja na mtu mmoja wa kusoma kazi yako kila mwezi. Uandishi wa insha au ripoti: usilipe popote pasipo msahihishaji wa kibinadamu. Mtihani wa taifa au wa bodi: mfumo wenye benki kubwa ya maswali. Mtoto mdogo: darasa mubashara fupi, na mtu mzima akae naye.

Kazi za mikono zinahitaji mpango wake. Katika ushonaji, video inayoonyesha mikono kwa karibu ni nzuri kuliko mwalimu anayeonekana uso, lakini kosa halionekani hadi nguo igeuzwe. Tuma kwa mwalimu picha tatu: kitambaa kilichokatwa kabla ya kushonwa, mshono kwa upande wa ndani, na nguo ikiwa imevaliwa. Ufundi umeme jifunze nadharia yake mtandaoni, ila kugusa nyaya kusubiri mtu aliyesimama pembeni yako.

Jaribio la nusu saa kabla ya kulipa

1. Zima Wi-Fi, fungua somo la bure kwa data ya simu, na angalia limekula MB ngapi kwa dakika kumi. Zidisha kwa urefu wa kozi nzima.
2. Tafuta kitufe cha kupakua. Kama hakipo, kila kurudia kunakula data upya.
3. Ingia kwenye ukumbi wa maswali na tazama tarehe ya jibu la mwisho la mkufunzi. Maswali ya miezi mitatu yasiyojibiwa yanakueleza utakavyohudumiwa.
4. Omba kuona kazi moja iliyosahihishwa, yenye jina limefutwa. Tofauti kati ya "vizuri" na maelezo ya mistari minne ndiyo unayoilipia.
5. Soma masharti ya kurudishiwa pesa na siku yanapokoma, kisha iandike tarehe hiyo kwenye kalenda ya simu.
6. Uliza kama masomo yatabaki wazi kwako baada ya kozi kuisha. Baadhi ya majukwaa hufunga hata mazoezi uliyoyaandika mwenyewe, kwa hiyo hifadhi nakala kila wiki.